Ukweli wa Mtani

Kila sanaa ina wahakiki wake. Ushairi una malenga wanaojibizana kwa mizani. Ngoma ina wazee wanaokaa kando wakatazama nyayo za wachezaji. Na mpira wa miguu, ambao katika miji yetu umekuwa sanaa yenye watazamaji wengi sana, una mtani. Mtani ni mhakiki asiyealikwa. Huitazama timu ya mwenzake kwa jicho lisilosinzia, hutoa hukumu kabla ya kuombwa, na huitoa kwa tamathali, kejeli na methali, yaani kwa vyombo vilevile ambavyo mwanafunzi wa fasihi huvichunguza katika tungo. Nakusudia kuyapima hapa maneno ya mtani kama tupimavyo kazi yoyote ya lugha: yana ukweli gani, yanaficha ukweli gani, na yamfaa nani.

Mfano nitakaoutumia ni msimu wa 2023 na 2024 wa klabu ya Simba ya Dar es Salaam, kama ulivyosemwa na watu wa Yanga. Ni haki msomaji ajue kwamba mwandishi ni mtu wa upande wa Jangwani, ili aujue mkono ulioshika mizani.

Neno utani ni la zamani kuliko mpira. Katika Tanganyika, makabila yaliyokutana katika njia za misafara, au yaliyopigana kisha yakapatana, yaliwekeana ada ya kutaniana. Mtani aliweza kumkejeli mtani wake mbele ya watu bila ya kuhesabiwa kosa. Aliweza kuchukua kitu chake mpaka kikombolewe. Aliweza kuchekesha hata matangani. Lakini ada hiyo ilikuwa na upande wa pili. Mtani huyohuyo aliyechekesha matangani ndiye aliyetazamiwa kushika kazi za mazishi. Ruhusa ya kusema ilinunuliwa kwa wajibu wa kutenda. Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, na Simba, iliyoanza mwaka 1936 na iliyokuwa ikiitwa Sunderland kabla ya kuchukua jina la Simba mwaka 1971, zimerithi sifa ya kuwa watani wa jadi. Swali ni kama zimeirithi ada nzima au nusu yake.

Msimu ule ulianza vyema kwa Simba. Agosti 13, 2023, mjini Tanga, waliishinda Yanga kwa penalti wakatwaa Ngao ya Jamii. Mwezi Oktoba walitoka sare mara mbili na Al Ahly ya Misri, 2–2 Dar es Salaam na 1–1 Cairo, wakatolewa kwa kanuni ya mabao ya ugenini tu. Walipoingia katika uwanja wa Benjamin Mkapa Novemba 5 walikuwa hawajapoteza mchezo hata mmoja wa ligi, hali Yanga walikwisha kufungwa na Ihefu. Basi siku hiyo Yanga walishinda 5–1. Siku chache baadaye Simba waliachana na kocha wao Roberto Oliveira, Mbrazili ajulikanaye kwa jina la Robertinho, pamoja na kocha wa viungo. Kabla ya mwezi kwisha akaja Abdelhak Benchikha wa Algeria, mtu ambaye mwaka uleule, akiwa na USM Alger, aliwanyima Yanga Kombe la Shirikisho Afrika katika fainali. Januari 2024 Simba walifungwa 1–0 na Mlandege katika fainali ya Kombe la Mapinduzi. Aprili walitolewa na Al Ahly katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, kisha wakafungwa tena na Yanga, 2–1. Kabla ya mwezi huo kwisha Benchikha naye aliondoka. Yanga walitwaa ubingwa wa ligi. Azam na Simba walilingana kwa pointi, na Simba wakawekwa nafasi ya tatu kwa tofauti ya mabao.

Hayo ndiyo matukio. Sasa tuyatazame maneno.

Tamathali ya kwanza ilikuwa ya mkono. Mabao matano huitwa kono la nyani, na baada ya Novemba 5 hapakuwa na haja hata ya kutamka: mtu wa Yanga alikunjua vidole vyake akakutana na jirani yake wa Simba, na hotuba ikawa imekwisha. Kama kazi ya lugha, tamathali hii ina uzuri wa pekee. Ni fupi, haina jibu, na kila mwanadamu huzaliwa nayo. Lakini tukiichunguza twaona kasoro mbili. Kwanza, mkono hauna kidole cha sita, kwa hiyo bao la Kibu Denis halina mahali pa kukaa. Pili, na hii ndiyo kubwa, mkono hauna wakati. Vidole vitano hufunguka mara moja, hali mabao yale hayakuingia mara moja. Timu zilikwenda mapumziko zikiwa 1–1. Manne yaliingia katika kipindi cha pili. Mtu anayetaka kujifunza jambo katika mchezo ule hana budi kuuliza ni nini kilichopungua katika miguu ya Simba baada ya mapumziko. Mkono haumjibu. Tena mkono huo hauna uaminifu kwa mwenyewe: watu wa Simba waliukunjua mwaka 2012 waliposhinda 5–0, na watu wa Yanga walikwisha kuukunjua mwaka 1968 kwa hesabu hiyohiyo. Tamathali inayomtumikia kila mshindi kwa namna moja haielezi ushindi wowote.

Hata hivyo mtani hakunyamaza penye mkono. Alisema pia, tena tangu kabla ya Novemba, kwamba Simba inashinda bila ya kushawishi, kwamba pumzi yake ni fupi. Mashabiki wa Simba walilichukua neno hilo kuwa ni wivu. Yafaa tukumbuke methali yetu kwamba akipenda, chongo huita kengeza. Mwenye timu aliyeona sare mbili na Al Ahly aliona ukubwa, na alikuwa na haki ya kuuona. Lakini ukubwa huo ulimfunika macho. Mtani hakuwa na pazia hilo. Na uongozi wa Simba, ulipomwondoa kocha wa viungo pamoja na kocha mkuu, ulikiri kwa vitendo lile ambalo lilikataliwa liliposemwa na mdomo wa Jangwani. Hapa ndipo thamani ya mtani inapoonekana. Haoni mengi kuliko mpenzi. Pengine huona machache. Lakini huyaona yale ambayo mapenzi yamekataza yasionekane.

Tamathali ya pili ilitokana na jina lenyewe. Klabu inayojiita Simba imempa mtani wake mbuga nzima ya kuwindia. Ilisemwa kwamba mnyama amezeeka, meno yamemtoka, na mawindo yanampita mbele akiyatazama. Waliokusudiwa walikuwa wachezaji waliodumu, akina John Bocco, Clatous Chama na Saidi Ntibazonkiza. Tamathali hii ni tajiri kuliko ya mkono kwa sababu inadai kueleza sababu. Na kwa kuwa inadai zaidi, lazima ihukumiwe kwa ukali zaidi.

Uzee wa simba wa porini ni kazi ya maumbile. Hakuna wa kulaumiwa. Uzee wa timu ni kazi ya watu. Timu haizeeki kwa sababu miaka inapita, bali kwa sababu miaka inapita na wenye kazi ya kusajili hawakusajili ipasavyo. Vilevile Januari 2024, katikati ya msimu, Simba waliwatoa washambuliaji wawili, Jean Baleke na Moses Phiri, wakaleta wengine wawili, Pa Omar Jobe na Freddy Michael, waliolazimika kujifunza timu huku mashindano yakiendelea. Huo si uzee. Huo ni uamuzi, uliofanywa mezani na watu wenye akili timamu, na ungeweza kufanywa vingine. Mtani aliposema mnyama amezeeka aliwachekesha wengi, lakini pasipo kujua aliwasamehe waliostahili kuulizwa. Aliligeuza kosa la ofisini kuwa ajali ya umri. Basi tamathali nzuri yaweza kuwa hakimu mbaya, na somo hili halihusu mpira peke yake.

Kisha matukio yenyewe yakamfanyia mtani mzaha wake. Katikati ya mwaka 2024 Chama, mmoja wa wale walioitwa wazee, alihamia Yanga, na Baleke naye akaja akavaa rangi ya kijani na njano. Wale walioimba juu ya meno yaliyotoka walijikuta wakiyapokea meno yayo hayo nyumbani kwao kwa shangwe. Msomaji atacheka, na ana haki. Lakini acheke akijua maana yake: neno uzee halikuwa kipimo cha mchezaji, lilikuwa kipimo cha mahali aliposimama.

Tamathali ya tatu ilikuwa ya msiba. Simba wamekufa, ilisemwa. Kocha akiondolewa katikati ya msimu ni jeneza limekwisha kufunguliwa, na wa pili akija ni kubadili sanda tu. Kati ya hukumu tatu hii ndiyo iliyokuwa na jeuri kubwa, na ndiyo iliyokuwa na ukweli mdogo. Nafasi ya tatu, iliyohesabiwa kuwa kaburi, iliwapeleka Simba katika Kombe la Shirikisho, na katika msimu uliofuata, wakiwa na kocha Fadlu Davids na kikosi kilichofanywa upya, walifika fainali ya kombe hilo Mei 2025, wakashindwa na RS Berkane ya Morocco. Maiti hawafiki fainali.

Na jibu kali zaidi lilitoka katika nyumba ya mtani mwenyewe. Novemba 2024, mwaka mmoja kamili baada ya kono la nyani, Yanga walifungwa 1–0 na Azam, kisha 3–1 na Tabora United, na kocha Miguel Gamondi, ambaye ndiye aliyekuwa msanifu wa yale mabao matano, akaondolewa. Aliyemfuata, Sead Ramovic, aliondoka Februari 2025, akaingia Miloud Hamdi. Makocha watatu katika msimu mmoja! Kwa kanuni ya sanda, Yanga walipaswa kuzikwa mara mbili. Badala yake walikuwa mabingwa. Kwa hiyo kanuni ilikuwa si kanuni. Ilikuwa furaha iliyovaa kanzu ya elimu.

Yaweza kuulizwa: kuna hasara gani mtani akisema ovyo? Si mchezo tu? Nadhani hasara ipo, na ni kubwa. Mwaka 1977 Simba waliifunga Yanga 6–0, na mpaka leo hesabu hiyo hutajwa kama fimbo. Inatajwa mara chache kwamba Yanga ile ilikuwa imetoka katika mgogoro wa mwaka uliotangulia uliowatenga wanachama na kuzaa klabu ya Pan African. Mabao sita yalikuwa dalili. Ugonjwa ulikuwa mfarakano. Kumbukumbu ya kejeli ilihifadhi dalili ikatupa ugonjwa, na vizazi vya wapenzi wa pande zote mbili vimerithi fimbo bila ya somo. Klabu zetu zimepita katika migogoro mingi ya uongozi, na kila mara ushahidi wa mapema ulikuwa umesemwa na mtu wa upande wa pili, ukakataliwa kwa kuwa ulitoka kwake, na kwa kuwa aliusema kwa namna ya kukataliwa.

Hapa ndipo ada ya kale inapotuhukumu. Mtani wa matangani alikuwa na haki ya kucheka kwa sababu alikuwa na jembe mkononi. Maneno yake yaliuma, lakini kazi yake ilionekana. Mtani wa uwanjani amebaki na kicheko akaliacha jembe. Jembe lake lingekuwa ni nini? Si kuisaidia Simba kufunga mabao. Hilo hakuna anayemtaka alifanye. Jembe lake ni usahihi: aseme kipindi cha pili anaposema mkono, ataje usajili wa Januari anapotaja uzee, na akiitangaza kanuni awe tayari isomwe mlangoni kwake pia. Usahihi haupunguzi utamu wa kejeli. Mtu aliyekejeliwa kwa uongo hucheka au hukasirika, kisha husahau. Mtu aliyekejeliwa kwa kweli hurudi nyumbani akatazama kioo.

Wanafunzi wa lugha wana fungu lao katika jambo hili. Uhakiki wetu wa vitabu una wapenzi wengi ambao husifu kila kilichoandikwa na rafiki, na una maadui kadhaa ambao hukataa kila kilichoandikwa na asiye rafiki. Mtani, kwa maana yake kamili, ni adimu: mtu aliye mbali kiasi cha kuona kengeza kuwa chongo, na aliye karibu kiasi cha kuhitaji mwenzake awe mzima. Maana Yanga isingekuwa na haja ya ushindi ule kama aliyeshindwa si mkubwa. Mabao matano dhidi ya timu dhaifu yangesahauliwa kabla ya jua kuchwa. Yamekumbukwa kwa sababu yaliingia katika lango la Simba, na kila anayekunjua vidole vyake anaikiri heshima hiyo, apende asipende.

Kwa hiyo hukumu yangu juu ya maneno ya upande wangu ni hii. Waliposema pumzi ya Simba ni fupi walisema kweli, na kweli hiyo ilistahili kusikilizwa Msimbazi mapema. Waliposema mnyama amezeeka walisema nusu, na nusu iliyobaki ndiyo iliyokuwa na faida. Waliposema amekufa walisema walichokitamani. Mtani aliyepata moja na nusu katika tatu si mhakiki mbaya, lakini hajastahili kuitwa wa jadi.