Rangi imepotea. Uchafu je?

Ukisoma tafiti za fotokatalisisi, yaani kutumia mwanga kuamsha unga kama titani dioksaidi ili uvunje uchafu majini, utakutana sana na jigambo hili: rangi imeondoka kwa zaidi ya asilimia 90. Hebu tulikague.

Wengi hutumia methilini bluu. Wanachanganya na unga, wanawasha taa, kisha wanapima kiasi cha mwanga wa nanomita 664 kinachonyonywa na maji. Kikipungua, wanashangilia. Lakini hata mkaa uliosagwa, gizani kabisa, utaondoa ubluu huo. Rangi imenata tu, haijavunjwa. Tena methilini bluu ikipokea elektroni hupoteza rangi, halafu ikikutana na oksijeni, ubluu unarudi!

Kwa hiyo ukiletewa grafu, uliza maswali matatu. Jaribio la gizani lipo? La mwanga bila unga je? Wamepima kaboni ya uchafu iliyobaki majini? Kama hakuna, asilimia hiyo haituambii kama maji yamesafishika.

Hapa Nkuhungu jua tunalo, ndiyo maana jambo hili linatuhusu. Mwaka 1996 jarida la Lancet lilichapisha jaribio la Wamasai wa Kenya: maji ya kunywa kwenye chupa za plastiki yaliwekwa juani, bila unga wowote. Kilichohesabiwa siyo mwonekano wa maji, ni watoto walioharisha. Kipimo kinachojibu swali ndicho hicho.