Kwa Nini Doom Haikatai Mashine

Kila kompyuta inayopita mikononi mwangu, iwe mpya kutoka dukani au mtumba uliochoka na kazi za ofisi, huwekewa Doom kabla ya gemu nyingine yoyote. Kwenye simu imo. Kwenye Raspberry Pi iliyofungwa nyuma ya televisheni imo. Wapo wanaoona huu ni ushabiki wa watu wazima wanaoukumbuka ujana wao, na sikatai kwamba gemu yenyewe bado ni tamu. Lakini gemu tamu za miaka ile ni nyingi, na nyingi kati ya hizo leo hazifunguki mpaka utafute programu ya kuigiza kompyuta nzima ya zamani ndani ya ile mpya. Doom, iliyotolewa na id Software tarehe 10 Desemba 1993, inafunguka yenyewe. Watu wameshaiendesha hata kwenye printa na kamera. Ninavyoona mimi, uwezo huo haukutokana na mpango wa kuishi miaka mingi. Ulitokana na mazingira ya kazi ya walioiandika.

Tuanze na meza zao. Gemu ililengwa kwa PC za DOS, zenye prosesa ya Intel 386 na memori ya megabaiti 4. John Carmack na wenzake wa id Software hawakuiandika humo. Walitumia NeXT, kompyuta ghali za kampuni ya Steve Jobs, zenye prosesa ya Motorola. Msimbo uliandikwa na kujaribiwa ndani ya dirisha kwenye NeXT, kisha ukageuzwa kuwa programu ya DOS kwa kompaila ya Watcom. Mashine hizi mbili hazipatani hata kwenye mpangilio wa baiti. Chukua namba 258 iliyohifadhiwa kwa baiti mbili: Motorola inaiandika 1 kisha 2, Intel inaiandika 2 kisha 1. Kwa hiyo tangu mapema kila namba iliyosomwa kutoka kwenye faili ilipitishwa kwenye amri fupi, SHORT au LONG, ambazo huigeuza pale tu mashine inapohitaji. Mtu anayeandikia mashine moja hana sababu ya kujisumbua hivyo. Hawa walilazimika, la sivyo gemu yao wenyewe isingewaka mezani.

Ukiufungua msimbo, majina ya faili yanakuonyesha mpaka kati ya gemu na mashine ulipita wapi. Zinazoanza na r_ huchora. Za p_ huendesha mchezo wenyewe: milango, risasi, mazimwi. Za w_ husoma data. Za i_ ndizo peke yake zinazoongea na mashine: i_video, i_sound, i_system, i_net. Anayeihamishia Doom kwenye kifaa kipya huandika upya hizo za i_ na kuyaacha mengine yalivyo. Mradi wa doomgeneric umeubana mpaka huo zaidi, hata mgeni anabaki na kazi chache tu: kuonyesha picha iliyokwisha kuchorwa, kusoma vitufe, kusema muda umefika wapi, na kulala kwa milisekunde kadhaa. Picha yenyewe asilia ni pikseli 320 kwa 200, kila pikseli baiti moja, jumla baiti 64,000. Kifaa kinachoweza kushika kiasi hicho na kukisukuma kwenye skrini kimeshavuka kikwazo kikubwa. Hata memori gemu haiombiombi: inachukua bonge moja mwanzoni, kisha inajigawia yenyewe ndani kwa ndani.

Data nayo iliwekwa kando. Ramani, picha na sauti zote zimo ndani ya faili moja la WAD. Mwanzo wake ni baiti 12: herufi nne za kulitambulisha, idadi ya vitu vilivyomo, na mahali orodha yake inapoanzia. Kila kitu kwenye orodha kinachukua baiti 16: kilipo, ukubwa wake, na jina lisilozidi herufi nane. Basi. Faili lilelile linasomeka kwenye Windows, Linux, Android, popote. Wachezaji walianza kutengeneza ramani zao muda mfupi tu baada ya gemu kutoka, na hawajaacha.

Ila kinachonivutia zaidi ni hesabu. Wanunuzi wengi wa 386 hawakuwa na chipu ya kukokotoa desimali, kwa hiyo Doom ilijengwa kwa namba kamili tupu. Urefu na mahali huandikwa kwa biti 32: biti 16 za juu ni sehemu nzima, 16 za chini ni sehemu ya baada ya nukta. Moja inaandikwa 65,536. Nusu ni 32,768. Pembe pia ni namba ya biti 32, ambapo duara zima linaijaza namba hiyo yote. Ukizunguka kupita duara, namba inafurika na kurudi sifuri yenyewe, bila mstari hata mmoja wa msimbo wa kuikagua. Saini na kosaini zilikokotolewa mapema na kuwekwa kwenye jedwali la namba 10,240. Hata bahati nasibu ni jedwali: namba 256 zilizopangwa, zinazoanza 0, 8, 109, 220, na gemu inazipitia moja baada ya nyingine.

Lengo lilikuwa kasi. Faida ya pili ikaja bila kutafutwa: mashine zote zinapata jibu moja, mpaka biti ya mwisho. Ndiyo maana rekodi ya mchezo haihifadhi picha wala mahali mchezaji alipo. Inahifadhi vitendo vyake tu: mbele au nyuma, pembeni, kugeuka, vitufe. Ni baiti nne kwa kila mpigo, na mipigo ni 35 kwa sekunde. Dakika nzima inakula baiti 8,400. Ukiicheza, gemu inakokotoa upya kila risasi na kila zimwi, na mambo yanatokea vilevile.

Ndani ya WAD zimo rekodi za namna hiyo, zinazojicheza zenyewe ukiiacha gemu kwenye ukurasa wa mwanzo bila kugusa kitu. Kwa mhamishaji, hicho ndicho kipimo. Ukiwa umekosea hesabu mahali, hata kidogo, mwanajeshi wa kwenye rekodi atakosa mlango kwa hatua moja, atajibamiza ukutani na kuendelea kupiga risasi hewani. Hakuna haja ya ripoti ndefu ya makosa. Unakaa na chai yako unamtazama.

Kwenye uchoraji, Carmack alitumia mti wa BSP, mbinu ya kugawa nafasi vipande vipande iliyochapishwa mwaka 1980 na Henry Fuchs, Zvi Kedem na Bruce Naylor. Kazi nzito ya kuikata ramani ilifanywa mapema kwa watengenezaji. Kompyuta ya mchezaji inautembea mti huo tu, ikianza na kuta za karibu. Kwa kuwa kuta zote zimesimama wima, mstari mmoja wa kushuka ukutani una umbali mmoja, hivyo kipimo kinakokotolewa mara moja kwa mstari badala ya kila pikseli. Gharama yake ni kwamba hakuna chumba juu ya chumba kingine. Wengi hucheza miaka bila kugundua.

Nisiisifu kupita kiasi. Toleo la Super Nintendo la mwaka 1995, kwa mfano, halistahili kuingia kwenye hoja hii: Randy Linden aliandika injini yake mwenyewe kutoka mwanzo, na sakafu zake hazina picha. Msimbo ulipoachiwa Desemba 1997, ulikuwa wa Linux, kwa sababu toleo la DOS lilitegemea maktaba ya sauti ya DMX iliyokuwa mali ya mtu mwingine. Leseni ya programu huria ya GPL ilikuja mwaka 1999. Na msimbo ule ulidhani kielekezi, yaani namba inayoonyesha kitu kilipo kwenye memori, ni baiti nne daima. Kwenye maelezo ya picha za kuta kuna kielekezi ambacho waandishi wenyewe walikiwekea alama kwamba kimepitwa na wakati. Faili linakitengea baiti nne, mashine ya biti 64 inakitengea nane. Kila kinachofuata kinasogea, idadi ya vipande vya picha inasomwa kutoka mahali pasipo pake, na gemu inaanguka kabla hujaona menyu. Waliorithi msimbo walilirekebisha hilo zamani.

Kwa anayetaka kuiweka leo: chukua Chocolate Doom kama unataka tabia ya gemu ya awali ya DOS pamoja na kasoro zake, hata kwenye kompyuta dhaifu kabisa. GPL inahusu msimbo peke yake. WAD kamili bado inauzwa. Sehemu ya kwanza, ramani tisa, iliachiwa watu wapeane tangu siku ya kwanza, na Freedoom ni data huru iliyotengenezwa upya na watu wa kujitolea, ingawa picha zake hazina ukali wa zile za awali. Kwenye simu, vitufe vilivyochorwa juu ya kioo vinaiua raha yote. Unganisha kibodi au kidhibiti cha Bluetooth, au uiache tu humo hadi upate kimoja.