Waipa Zinazopumua

Kabla ya kushika spana, mzee alitega sikio. Injini ilikuwa imezimwa, lakini matangi bado yalikuwa na upepo, na mahali fulani chini ya dashibodi palitoka mlio mwembamba, kama wa mtu anayepumulia kwenye meno. Aliinama, akasogea hatua moja kushoto, akagonga bati kwa kifundo cha kidole. "Hapa," alisema. Akachovya brashi ya rangi kwenye kopo la maji ya sabuni, akakipaka kiungo cha paipu, na povu likavimba taratibu hadi likawa kama punje ya kunde.

Gereji yenyewe ni banda la bati pembezoni mwa Buffalo, mji wa jimbo la New York ulio kando ya Ziwa Erie, ambako mvua na theluji hazimpi dereva nafasi ya kuzisahau waipa. Basi lililoegeshwa ndani ni GM New Look la miaka ya 1960, lile ambalo Wamarekani walilibatiza jina la bakuli la samaki kwa sababu ya kioo chake kipana kilichopinda. Kati ya 1959 na 1986 yalitengenezwa zaidi ya 44,000, huko Marekani na Kanada, yakabeba vizazi vya watu kwenda kazini na kurudi. Yaliyobaki yametunzwa na makumbusho na watu wachache wasiokubali yaishie kwenye chuma chakavu. Hili ni la kijana mmoja, na shida yake ilielezeka kwa maneno machache: waipa ya upande wa dereva ilikuwa ikipanda hadi katikati ya kioo, ikisita, ikigoma. Ya upande wa pili iliendelea na safari zake bila kumngoja mwenzake.

Waipa hizi haziendeshwi kwa umeme. Magari ya petroli ya zamani yaliweza kusukuma waipa zao kwa mvuto wa hewa unaotokea kwenye injini, lakini dizeli haina mvuto huo, kwa kuwa njia yake ya hewa haizibwi na kufunguliwa kama ya petroli. Basi kubwa la dizeli lilikuwa na kitu kingine: kompresa ya breki. Msomaji aliyewahi kusimama stendi kando ya basi la mikoani anaujua ule mshindo wa breki za upepo, pshii, unaomfanya mtoto amshike mama yake kanga. Upepo huohuo, ukipunguzwa na kuongozwa kwenye paipu nyembamba, ndio uliofuta kioo. Kila waipa ilipofika mwisho wa safari yake ilitoa pumzi na kugeuka: tss, tak. Tss, tak. Dereva aliyefanya kazi miaka mingi aliusikia mlio huo hata usingizini.

Mbele yake alikuwa na koki ndogo za kuzungusha kwa vidole, moja kwa kila waipa. Manyunyu yakianza, aliifungua kidogo tu, waipa ikatembea polepole kama mzee anayetoka msikitini. Mvua ikizidi, akaongeza. Hakukuwa na ngazi moja, mbili, tatu. Kasi ilikuwa mkononi mwake yote. Inafaa kukumbuka kwamba huko Detroit Robert Kearns alibuni waipa ya umeme inayopumzika kati ya mfuto na mfuto, akaishia kupambana mahakamani kwa miaka mingi na kampuni za Ford na Chrysler. Kwenye basi la upepo, dereva alikuwa ameshazoea kuiamuru waipa itulie, kwa dole gumba na kidole cha shahada.

Tena waipa ilianzia kwenye usafiri wa umma. Mary Anderson, mwanamke wa Alabama, alikuwa ndani ya tramu jijini New York wakati wa baridi alipomwona dereva akiendesha huku dirisha la mbele likiwa wazi, theluji ikimpiga usoni, kwa sababu kioo kilikuwa hakionyeshi mbele. Mwaka 1903 akapata hataza ya mkono wa kufutia kioo unaoendeshwa kutoka ndani. Hakuambulia kitu. Zaidi ya miaka kumi baadaye, hapahapa Buffalo, John Oishei alimgonga mwendesha baiskeli usiku wa mvua ambao hakuweza kuona mbele. Kutokana na ajali ile akaanzisha kampuni ya Trico, ambayo kwa miongo mingi iliufanya mji huu kuwa makao makuu ya waipa. Katika miaka ya 1980 kazi ilianza kuhamishiwa mpakani, Texas na Mexico. Jengo kubwa la kiwanda cha kwanza, katikati ya mji, lilikaa tupu miaka na miaka, madirisha yake yakipigwa na mvua bila wa kuyafuta.

Mzee alikaza kiungo kilichovuja, lakini hakuridhika. Akauinua mkono wa waipa kutoka kwenye kioo, akafungua koki. Waipa ikapanda nusu, ikasita hewani. Alitikisa kichwa. Ingekuwa inatembea vizuri ikiwa hewani, ugonjwa ungetafutwa kwenye mpira, kwenye springi, au kwenye shafti iliyoshika kutu. Ikigoma hata bila kugusa kioo, ugonjwa uko ndani. Akaenda kwanza chini ya basi kumwaga tangi. Yalitoka maji yaliyochanganyika na oili ya kompresa, mazito, rangi ya chai ya maziwa. "Haya ndiyo yamekuwa yakipita humo," alimwambia kijana, "na ukifika wakati wa baridi yanaganda."

Ndipo mota ya waipa ikashushwa. Si kubwa, inaenea kwenye viganja viwili. Aliiweka juu ya gazeti, akalegeza skrubu moja baada ya nyingine kwa zamu, kidogo hapa, kidogo pale, ili kifuniko kisipinde. Ndani mna kipande kinachosukumwa na upepo huku na huku, na valvu ndogo inayoruka kila mwisho wa safari kuupeleka upepo upande wa pili. Valvu ikichelewa kuruka, waipa inasita. Grisi ya zamani ilikuwa imegeuka nta. Alikwangua kwa kijiti cha mbao, wala si kwa bisbisi, asije akakwaruza ukuta wa silinda, kisha akaosha kila kipande kwa mafuta ya taa, akakipangusa, akakiweka kwenye gazeti kwa mpangilio ule ule kilivyotoka.

Sili ilikuwa ya ngozi. Aliiinua mbele ya taa, ikaonekana imekauka na kukunjamana ukingoni kama kipande cha ndizi kilichoachwa juani. Kijana akauliza kama si afadhali wanunue mota za umeme, maana zipo, na zinafungwa kwa siku moja.

"Unaweza," mzee alijibu. "Lakini hii haijafa. Ina kiu."

Akaitia kwenye kisahani cha oili nyepesi, akaanza kuikanda kwa ncha za vidole, akiizungusha, akiusukuma ukingo wake utoke nje tena. Alifanya hivyo kwa muda mrefu. Hakuzungumza. Ngozi ilinywa oili kidogokidogo, rangi yake ikarudi kutoka kijivu hadi kahawia, na ule ukingo uliokuwa umejikunja ukaanza kusimama wenyewe. Kazi hii haina kipimo cha saa wala mashine ya kuipima. Vidole ndivyo vinavyojua ngozi imelainika kiasi cha kuubana upepo bila kuubana mwendo.

Ukiipeleka waipa mbovu kwenye gereji nyingi za leo, jibu litakuja kabla ya boneti kufunguliwa: badilisha. Mota nyingi za sasa zimefungwa zisifunguliwe. Zikifa zinatupwa, na anayezitupa hapati hata kujua zilikufa kwa nini. Kinachopotea hapo ni maarifa ya ndani ya kile kisanduku. Kijana wa gereji anafundishwa namba ya spea, hafundishwi mlio. Na gharama ya kutojali huko hailipwi siku ya jua. Analipa abiria aliyekaa kiti cha mbele, usiku, dereva akifuta kioo kwa kitambaa huku mkono mmoja ukiwa kwenye usukani.

Mota ilifungwa, ikapewa upepo kidogo tu pale mezani. Mzee aliweka dole gumba kwenye tundu la kutolea pumzi, akaliondoa, akaliweka tena. Tss, tak. Akarudisha kila kitu mahali pake, akakimwagia maji kioo kikavu, maana waipa ya aina hii haijaribiwi kwenye kioo kikavu, kisha akampa kijana nafasi ya kiti cha dereva. Koki ikafunguliwa. Waipa ya kushoto ikapanda, ikapita ile nusu ya zamani, ikafika juu, ikapumua, ikashuka.

Kwenye rafu juu ya meza kulikuwa na chupa ya kioo iliyokuwa ya jamu, ndani yake vipande vya ngozi alivyovikata mwenyewe, vikielea kwenye oili. Vilikuwa vinane. Kijana alipouliza nani mwingine mjini anayevikata, mzee alifunga kifuniko cha chupa, akakikaza, akasikiliza waipa zile mbili zikipishana.