Hazina ya Mwendo Katika Picha za Muybridge

Miongoni mwa marejeo yaliyowafaa wachoraji na watengenezaji wa filamu za katuni, yaani michoro mingi inayopitishwa kwa kasi hadi ionekane kusogea, ni machache yaliyodumu kama *Animal Locomotion*, mkusanyiko wa mabamba 781 ya picha uliotolewa mwaka 1887 na Eadweard Muybridge, Mwingereza aliyefanya kazi Marekani. Mwaka 1878, huko Palo Alto, alipanga kamera 12 kandokando ya njia ya farasi, kila moja ikifyatuliwa na uzi uliokatwa mnyama alipopita, na picha zikabainisha kwamba kwato zote nne huachana na ardhi miguu inapokunjwa chini ya tumbo, wala si inaponyooshwa mbele na nyuma kama mchoraji Géricault alivyoichora. Farasi wengi mashuhuri wa turubai, kusema kweli, walikuwa wakielea.

Kazi iliyo kubwa zaidi, iliyozaa mkusanyiko huo, ilifanyika katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, ambako watu walipigwa picha wakipanda ngazi au wakibeba ndoo mbele ya ukuta wenye miraba, iliyomwezesha msanii kupima jinsi nyonga inavyopanda upande unaobeba uzito wa mwili. Ni kweli kwamba baadhi ya mifuatano ina mapengo na mingine ilipangwa upya, jambo linalopunguza thamani yake kwa mwanasayansi kuliko kwa mchoraji. Mchoraji Francis Bacon, kwa mfano, aliwageuza wanamieleka wa Muybridge kuwa miili iliyosokotana kitandani.