Uso wa Ngoma Ubaki Mviringo

Fundi wa kuhariri video hapimwi kwa ukubwa wa kompyuta yake. Mpe kanda ya MiniDV yenye ngoma ya Bagamoyo ya miaka ya mwanzo ya 2000, kisha mwangalie anaanzia wapi. Aliyeiva huisogeza picha mpaka ngoma imwelekee, akaikagua ngozi iliyowambwa. Je, ni mviringo, au imekuwa yai?

Bagamoyo ni mji unaostahili jicho la namna hiyo. Chuo cha Sanaa kilianzishwa hapa mwaka 1981, leo ndicho TaSUBa, na tamasha lake la kila mwaka huleta wachezaji kutoka pande nyingi za nchi. Ngoma ni mwili wa mtu, na ukiharibu umbo la mwili umeharibu ngoma yenyewe. Nyoosha picha kwa upana, mruko wa mchezaji utaonekana mfupi, na msondo, ngoma ndefu kabisa, utakuwa mnene na kibonge. Kijana atakayejifunza sindimba kwa picha hiyo atafundishwa kiuno ambacho hakuna aliyewahi kukicheza.

Chanzo cha kasoro ni hesabu. Picha ya MiniDV kwa mfumo wa PAL, uliotumika kwetu, ina nukta 720 kwa upana na 576 kwa kimo. Ukizichukua zote kuwa miraba, unapata uwiano wa 5 kwa 4. Lakini televisheni za zamani zilikuwa 4 kwa 3, hivyo nukta za kanda si miraba: kila moja imezidi upana kidogo. Simu na kompyuta za leo hutumia nukta za mraba. Programu isipoambiwa tofauti hiyo, watu hutoka wamekonda kwa karibu asilimia 8, kiasi ambacho mtazamaji hahisi ila kwamba kuna kitu hakijakaa sawa. Kanda iliyorekodiwa kwa 16 kwa 9 ina nukta zilezile 720, na hapo ukikosea watu hukonda karibu theluthi nzima.

Kuburuta kona za picha mpaka macho yaridhike si kazi ya fundi. Yeye huirudia klipu yenyewe na kuiambia programu umbo halisi la nukta zake. Wenye jicho kali zaidi hukata nukta 8 kila upande, zikabaki 704, ndipo wakazipanua hadi 768 kwa 576. Kwa skrini ya leo ya 1920 kwa 1080, picha ya 4 kwa 3 hukaa katikati ikiwa na upana wa 1440, na kila upande hubaki mstari mweusi wa nukta 240.

Mistari hiyo ndiyo huzua ubishi. Mteja huuliza, “Mbona haijajaa?” Ukimvutia picha ijae, kila mtu hunenepa kwa theluthi. Ukiikuza bila kuivuta, unapoteza robo ya kimo: ama vichwa, ama miguu. Na miguuni ndiko ziliko njuga! Mimi nasimama na mistari myeusi. Afadhali giza pembeni kuliko mchezaji asiye na nyayo, na fundi anayeweza kumweleza mteja hilo kwa upole bila kuyumba namheshimu kuliko anayejua mbinu zote za rangi na mwanga.

Siku hizi ugonjwa umehamia upande wa pili: video ya 16 kwa 9 inabanwa iingie kwenye simu iliyosimama, 1080 kwa 1920, na bibi harusi anatoka mwembamba kama mshumaa. Hesabu haijabadilika. Chagua kipande cha kuonyesha, au acha nafasi juu na chini, lakini usimbane mtu.

Kwa hiyo wewe uliye na kanda za harusi au za ngoma kabatini, zitoe mapema, kwa sababu unyevu wa pwani hauzisubiri. Fundi akimaliza, kabla hujamlipa, mwombe akuonyeshe kitu cha mviringo kilichoelekea kamera ndani ya picha: sinia, gurudumu la baiskeli, uso wa ngoma. Weka rula juu ya skrini, pima upana, pima kimo. Visipolingana, mrudishie kazi yake, na kanda ya asili usiitupe.