Santuri za Wanande na Matini Yaliyokosekana

Mwaka 1952 Hugh Tracey alirekodi nyimbo za Wanande, wenyeji wa Lubero na Butembo, katika ziara yake ya Kongo ya Kibelgiji. Rekodi za ziara zake ziliingia katika Sound of Africa, mfululizo wa santuri 210 uliokusudiwa hasa wasomi. Mkusanyaji wa leo huthamini uadimu wake, na jalada likiwa zima, hufurahi zaidi. Mhakiki wa fasihi simulizi hatosheki. Katalogi ya 1973 hutaja kabila, ala na, kwa sentensi chache, kiini cha wimbo. Matini kamili ya Kinande hayamo. Hivyo sitiari na mafumbo ya mtunzi hayahakikiki. Kazi ya kuyanukuu ingefaa ianzie Butembo, wazee waliokulia katika Kinande cha enzi hiyo wangalipo.