Breki, Kimeng'enya na Kiasi: Uhakiki wa Lugha ya Kuielezea Jeni ya PTEN

Jeni ya PTEN ya binadamu imo katika kromosomu ya 10. Hubeba maelekezo ya kuunda protini yenye asidi amino 403, na kazi kuu ya protini hiyo ni kupunguza nguvu ya ujumbe unaoiamuru seli ikue, igawanyike na iendelee kuishi. Katika maandishi ya kueneza sayansi, kazi hiyo aghalabu hufupishwa kwa neno moja: breki. Makala haya yanaihakiki sitiari hiyo pamoja na istilahi ya Kiswahili inayoambatana nayo, yaani kimeng'enya. Hoja ya msingi ni kwamba maneno haya mawili, kila moja kwa njia yake, yanaificha sifa muhimu kuliko zote ya jeni hii, nayo ni kiasi. Uhakiki unaongozwa na Nadharia ya Sitiari Dhanifu ya Lakoff na Johnson (1980), hususan mhimili wake usemao kuwa sitiari huangaza upande mmja wa dhana na papo hapo kuutia kivuli upande mwingine.

Ni vyema kuanza na jina lenyewe. Mwaka 1997 makundi matatu ya watafiti nchini Marekani yaliitambua jeni hii, na kila kundi likaipa jina lake. Kundi la Ramon Parsons liliiita PTEN, kwa kuwa mfuatano wake ulifanana na ule wa vimeng'enya viitwavyo fosfatesi na pia na protini iitwayo tensini. Kundi la Peter Steck liliiita MMAC1, jina linaloeleza kuwa jeni hiyo ilikutwa imebadilika katika saratani nyingi zilizofikia hatua za juu. Da-Ming Li na Hong Sun waliiita TEP1, kwa kuzingatia namna inavyodhibitiwa na aina ya seli ambamo inapatikana kwa wingi. Jina la kwanza lilitokana na mfanano, la pili na maradhi, na la tatu na mwenendo. Lililosalia katika matumizi ni lile la mfanano, ambalo halisemi chochote kuhusu kazi ambayo jeni hiyo hufanya.

Mfanano huo nao ulipotosha kidogo. Kutokana na umbo lake, PTEN ilidhaniwa kwanza kuwa huondoa fosfeti kutoka katika protini nyingine. Mwaka 1998 Maehama na Dixon walionyesha kuwa shabaha yake kuu ni lipidi ya utando wa seli iitwayo PIP3. Kimeng'enya kingine, PI3K, huongeza fosfeti moja na kuizalisha PIP3. PTEN huiondoa fosfeti hiyo hiyo, mahali pale pale. PIP3 inapoongezeka, protini AKT huamshwa na amri ya kukua hupata nguvu. Ushahidi mzito ulitoka kwa wagonjwa. Yapo mabadiliko yaitwayo G129E, ambayo hubadilisha asidi amino moja tu, ile ya nafasi ya 129. Protini yenye mabadiliko hayo bado huweza kuondoa fosfeti kutoka katika protini, lakini hushindwa kuiondoa katika lipidi. Na mwenye mabadiliko hayo huugua. Kwa hiyo, maradhi yalifichua kile ambacho jina halikukibainisha.

Hapa ndipo istilahi ya Kiswahili inapohitaji kuchunguzwa. Neno kimeng'enya limeundwa kutokana na kitenzi meng'enya, na limekubalika katika vitabu vya kiada. Linafaa sana kwa vimeng'enya vya mate, tumbo na utumbo, ambavyo kweli huvunjavunja chakula. Hata hivyo, PTEN haimeng'enyi kitu. PIP3 haivunjwivunjwi; hupunguziwa fosfeti moja, kisha hubaki katika utando ikisubiri kuongezewa tena. Huenda mtu akapinga kuwa hata istilahi ya kimataifa ina dosari ya aina hiyo, kwani iliundwa katika karne ya 19 kutokana na neno la Kigiriki lihusulo chachu. Pingamizi hilo lina uzito, ila tofauti ipo. Msomaji wa Kiingereza haisikii chachu, kwa sababu Kigiriki kimemfichia. Msomaji wa Kiswahili hukisikia kitenzi meng'enya papo hapo. Uwazi wa neno, ambao kwa kawaida ni fahari ya istilahi zetu, hapa unageuka kuwa kikwazo: anayeambiwa kuwa amepungukiwa na kimeng'enya anaweza kufikiri kuwa tatizo lake liko tumboni.

Sitiari ya breki ina kasoro nzito zaidi. Katika Kiswahili cha kila siku, habari za breki hupamba moto pale zinapokatika. Gari lililokatika breki mteremkoni halina hali ya katikati. Ama linasimama ama linaanguka. Taswira hii inaafikiana na wazo la mapigo mawili lililotolewa na Knudson mwaka 1971 kuhusu saratani ya jicho ya watoto, kwamba nakala zote mbili za jeni inayozuia uvimbe ni lazima ziharibike ndipo saratani ianze. Wazo hilo lilikuwa hatua kubwa, lakini PTEN hailitii kikamilifu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, Alimonti na wenzake walichunguza panya waliokuwa na takribani asilimia 80 ya kiwango cha kawaida cha protini hii. Panya hao walipata uvimbe, hasa wa matiti, ilhali uvimbe huo ulikuwa bado na nakala mbili nzima za jeni. Hapakuwa na breki iliyokatika. Palikuwa na upungufu mdogo uliodumu. Kwa upande mwingine, panya waliotengenezwa wawe na PTEN ya ziada, walioelezwa mwaka 2012, walikuwa na miili midogo kuliko kawaida na walistahimili saratani zaidi. Kiwango cha protini kiligusa hata ukubwa wa mwili.

Yupo atakayedai kuwa breki nayo hukanyagwa kwa kiasi. Dai hilo ni la kweli kwa dereva, si kwa sitiari inavyotumika. Isitoshe, breki hukanyagwa inapohitajika, ilhali PTEN hufanya kazi wakati wote, ikirudisha nyuma kile ambacho PI3K inakipeleka mbele.

Athari za lugha hii hazikomei darasani. Mabadiliko ya PTEN yanayorithiwa husababisha ugonjwa wa Cowden, ulioelezwa mwaka 1963 na kuhusishwa na jeni hii mwaka 1997. Mwenye ugonjwa huo huzaliwa na nakala moja yenye hitilafu. Kila mtoto wake ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi. Wengi wao huwa na kichwa kikubwa kuliko kawaida na vijinyama vya ngozi, na hatari yao ya kupata saratani ya matiti, ya tezi ya shingo na ya utando wa ndani wa mji wa mimba huwa kubwa. Tuseme mtu huyo anaambiwa kuwa breki za seli zake zimekatika. Atasikia hukumu ya kifo, na pengine ataona uchunguzi wa mara kwa mara hauna faida, ilhali uchunguzi huo ndio unaoweza kuigundua saratani mapema. Tuseme sasa anaambiwa kuwa breki moja bado ni nzima. Atafarijika isivyostahili, kwa kuwa upungufu wa nakala moja peke yake una madhara. Sitiari moja inazaa makosa mawili yanayopingana, na yote mawili yanamuumiza mgonjwa yule yule.

Kiswahili hakikosi taswira mbadala. Katika vyombo vya mbao vya pwani, maji huingia taratibu kupitia maungio ya mbao, na baharia mmoja hupewa kazi ya kuyafua. Maji yakifuliwa kwa kasi inayolingana na yanavyoingia, safari huendelea. Mfua maji akipunguza kasi kidogo, chombo hakizami siku hiyo. Huzidi kuwa kizito, na bahari ikichafuka hatari huongezeka. Taswira hii inaonyesha kazi isiyokoma, nguvu mbili zinazopingana na upungufu unaojikusanya. Hata hivyo, nayo ina kivuli chake. Chombo hakihitaji maji ndani, lakini seli inaihitaji PIP3. Bila amri ya kukua hakuna kidonda kinachopona wala mtoto anayekua. Mwandishi atakayeitumia taswira hii sharti aseme hivyo waziwazi, la sivyo atakuwa ameondoa kosa moja na kuleta jingine.

Kwa kuhitimisha, uhakiki huu haupendekezi kulifuta neno kimeng'enya, ambalo limekwisha kuota mizizi, wala kuipiga marufuku sitiari ya breki. Unachodai ni kwamba, panapoelezwa jeni kama PTEN, neno kimeng'enya lifuatwe na kitenzi kinachotaja kazi halisi, yaani kuondoa fosfeti, na kila sitiari ipimwe kwa swali moja: je, inamwezesha msomaji kuelewa kuwa pungufu kidogo si sawa na kukosa kabisa, wala si sawa na kuwa salama? Sitiari ya breki haimwezeshi. Mtihani huo ni mwepesi kwa mwandishi, na kwa aliyerithi nakala yenye hitilafu matokeo yake yanaweza kuamua kama atarudi kliniki au la.